Swali Ambalo Mchungaji Hakuulizwa

Nilipokuwa kidato cha tatu niliigiza mchungaji mzee wa kondoo katika tamthilia ya Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, kwa sababu nafasi zote za maana zilikuwa zimeshachukuliwa. Ufalme ulikwenda kwa kaka mmoja wa kidato cha tano mwenye sauti ya muadhini. Umalkia akapewa dada aliyekuwa kiongozi wa kwaya. Mimi nilikuwa mfupi, sauti ndiyo kwanza inapasuka, na mwalimu wetu wa fasihi alinitazama kama mpishi anavyomtazama mwanafunzi aliyefika ugali umekwisha. "Wewe utakuwa mzee," akaniambia. "Unaingia mwishoni, unapindwa mkono, unasema, basi."

Tulitumia tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, iliyotoka mwaka 1971. Kitabu kilikuwa kimoja, jalada limeshikiliwa kwa plasta, hivyo kila mmoja alinakili sehemu yake kwenye daftari. Katika tamthilia nzima mimi nilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, na sikuona haja ya kuomba zaidi. Yule kaka wa kidato cha tano tulimwita Edipode mpaka anamaliza shule. Mimi hakuna aliyeniita kitu.

Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kuisoma tamthilia yote kwa utulivu, mwanzo hadi mwisho. Nilipofika kwenye ukurasa wangu niliona aibu. Nilikuwa nimeusema kama mtoto aliyetumwa dukani: ujumbe wote nimeufikisha, maana yake sina habari nayo.

Kwa aliyesahau kisa, ni hiki. Mji wa Thebes umeingiliwa na tauni. Apollo, kwa kinywa cha uaguzi wake wa Delphi, anasema tauni haitaondoka mpaka apatikane aliyemuua mfalme wa zamani, Laius. Mfalme wa sasa, Oedipus (ndiye Edipode wa Mushi), ni mgeni aliyepewa kiti pamoja na mjane wa marehemu baada ya kutegua kitendawili cha zimwi liitwalo Sphinx. Anaapa kumsaka muuaji. Anamsaka kweli, na anajikuta ni yeye. Na Laius alikuwa baba yake. Na Jocasta, mke aliyemrithi na kuzaa naye, ndiye mama yake mzazi. Watu wa Athens walioitazama katika karne ya 5 kabla ya Kristo walikijua kisa hiki kabla hawajakaa. Walichoendea ni kuona kinavyofumuliwa, uzi mmoja mmoja.

Sasa anayekifumua ni nani? Wengi watakutajia Tiresias, mwaguzi kipofu. Lakini Tiresias anasema kila kitu mapema, tena kwa hasira, na hakuna anayemwamini. Wengine watamtaja mjumbe kutoka Korintho (ndiyo, Korintho ileile ya nyaraka za Paulo), na hawa wana mtetezi mkubwa, kwa sababu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alipotaka mfano wa mambo kugeuka ghafla alimchukua huyo huyo: mtu aliyekuja kumtoa mfalme hofu na badala yake akammaliza. Sawa. Ila mjumbe wa Korintho ana nusu ya habari tu. Nusu iliyobaki, ile inayoua, iko kwa mtumwa mmoja mzee ambaye mtunzi hakumpa hata jina. Tamthilia ina mistari zaidi ya 1,500. Yake haifiki arobaini.

Kabla hajatokea tunasikia habari zake mara kadhaa, na kila mara anaonekana mtu mwingine. Mwanzoni kabisa Creon, shemeji wa mfalme, anasimulia kwamba Laius na watu wake waliuawa njiani wote isipokuwa mmoja, aliyekimbia kwa woga, na katika yote aliyoyaona akaweza kusema kwa uhakika jambo moja tu: walivamiwa na wanyang'anyi, si mkono wa mtu mmoja bali wengi. Baadaye Jocasta anamtaja tena. Msafara ulikuwa wa watu watano na gari moja la kukokotwa, na huyo aliyenusurika alikuwa mtumwa wa nyumbani. Kisha anaongeza kitu kidogo, kana kwamba hakina uzito. Mtumwa yule aliporudi akaona Oedipus ndiye ameshika ufalme na Laius hayupo, alimshika yeye malkia mkono, akamsihi ampeleke mashambani kwenye malisho, mbali iwezekanavyo, mahali ambapo hataiona hata sura ya mji. Akampeleka. Alistahili hata zaidi ya hapo, anasema, kwa jinsi alivyokuwa mtumwa mwema.

Mstari huo niliupita mara ya kwanza bila kusimama. Mara ya pili nilikiweka kitabu chini. Mtumwa wa ikulu, anayekula vya ikulu, anaomba mwenyewe kwenda kulala na kondoo. Amemwona nani pale kwenye kiti?

Amemwona mtu aliyemuua bwana wake. Oedipus mwenyewe anasimulia yaliyotokea pale njia tatu zinapokutana: mzee kwenye gari alimpiga kichwani, naye akarudisha kwa fimbo, mzee akabingirika chini chali. "Nikawaua wote," anasema. Hakuwaua wote. Mmoja alikuwa anakimbia, na kabla hajakimbia aliiona sura.

Halafu katikati ya tamthilia anakuja yule Mkorintho, anasema Oedipus si mtoto wa mfalme wa Korintho hata kidogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkabidhi mfalme yule akiwa kichanga, vifundo vya miguu vimetobolewa. Alimpata wapi? Kwa mchungaji mmoja wa Laius, huko mlima Cithaeron. Mchungaji gani? Wazee wa mji wanajibu kwa kusitasita: nadhani ni yuleyule uliyekwisha kumwita kutoka mashambani, ila Jocasta ndiye wa kukuhakikishia.

Yuleyule. Aliyepewa mtoto akamtupe, na aliyeokoka kwenye mauaji, ni mtu mmoja. Nimesoma watu wakisema hapa Sophocles alibana matumizi, kwamba alichoka kuongeza wahusika akamrundikia mzee mmoja kazi mbili. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukimfanya kuwa mmoja, unakuwa umetengeneza binadamu anayebeba kifuani ncha zote mbili za kamba. Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Unajua kuna mtoto aliyetabiriwa kumuua baba yake, maana uliambiwa ulipokabidhiwa. Unajua hukumuua, ulimpa mtu wa Korintho. Miaka inapita. Kijana anamuua bwana wako mbele ya macho yako. Unarudi mjini, kijana yuleyule amekaa kwenye kiti, amemwoa bibi yako, na watu wanasema ametokea Korintho. Jina lake ni Oedipus, yaani mguu uliovimba.

Alijua? Tamthilia haisemi. Mimi naamini nusu aliijua, na nusu nyingine alikataa kuijua, akaenda kuishi mahali ambapo hakuna wa kumlazimisha kuunganisha. Kondoo hawaulizi.

Na ule uongo wa "wanyang'anyi wengi"? Hapo wahakiki wamebishana sana, kwa sababu ukipanga nani alifika mjini lini, hesabu haikai sawa. Mimi naona mwanzo wake ni aibu ya kawaida tu. Mtumwa amerudi mzima, bwana wake maiti, wenzake wote maiti. Atasema walishindwa na kijana mmoja mwenye fimbo? Atasema watano walipigwa na mmoja, na mimi nikatimua mbio? Lazima wawe wengi. Kisha akamwona yule mmoja amevaa taji, na uongo uliozaliwa na aibu ukaanza kulelewa na hofu. Ndivyo uongo unavyokaa muda mrefu: sababu ya kuusema na sababu ya kuushikilia si lazima ziwe zilezile. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Thebes sasa inakufa kwa maradhi.

Basi anaingia, mzee, analetwa na watumishi. Mimi walinipaka unga wa sembe kichwani niwe na mvi, wakanipa shuka na fimbo ya mlinzi wa shule. Oedipus anamtazama kwa mbali na kusema kwamba yeye hajawahi kukutana na mtu huyu, ila anakisia ndiye. Watazamaji wanajua alikwishakutana naye, kwenye njia tatu, akiwa amempa mgongo.

Swali la kwanza ni rahisi: ulikuwa mtu wa Laius? Anajibu kwa jambo linalofanana na fahari. Alikuwa mtumwa wake, ndiyo, tena si wa kununuliwa, alilelewa nyumbani mle mle. Kiswahili cha pwani kina neno la mtu huyo, mzalia, na sisi tuliosoma historia ya pwani tunajua neno hilo lilibeba nini: mtu wa ndani ambaye bado si wa ndani. Anaaminiwa kupewa mtoto wa kutupa. Haaminiwi kiasi cha kuulizwa kama anataka.

Kisha Mkorintho anamkumbusha, na hapa pana kipande ninachokipenda kuliko vyote. Tauni inaua, mfalme anatetemeka, na huyu mzee mwingine anaanza kuzungumzia machunga. Hukumbuki? Wewe na makundi mawili, mimi na moja, tulikaa jirani pale Cithaeron misimu mitatu mizima, miezi sita sita, toka majira ya kuchipua mpaka nyota ya Arcturus inapochomoza. Baridi ikianza mimi narudisha wangu zizini, wewe wako kwa Laius. Ni kweli au si kweli? Aliyewahi kusikia wazee wawili waliochunga pamoja wakikutana msibani ataitambua sauti hiyo. Wanataja mbuga, wanataja mwaka wa ukame, wanataja ng'ombe kwa rangi zao. Mchungaji wetu anajibu: ni kweli, ingawa ni zamani sana. Yeye amekwisha kuona maongezi yanakoelekea, mwenzake hajaona.

Na mwenzake, kwa furaha ya mtu anayesubiri bakshishi, anamwelekezea kidole mfalme: ndiye huyu, rafiki yangu, yule mtoto wetu. Mchungaji anamlipukia. Anamwapiza, anamwambia anyamaze. Mtumwa amepaza sauti mbele ya mfalme, na hakufanya hivyo kujiokoa. Ukiisoma harakaharaka utamwona mkaidi anayeficha kosa lake. Isome taratibu. Mtu mmoja tu pale jukwaani anajua kwamba neno linalofuata litamwangamiza Oedipus, na mtu huyo ndiye anayejaribu kulizuia.

Kwa hiyo wanampinda mkono nyuma. Kijana aliyeigiza askari kwetu aliupinda kwelikweli, nikapiga kelele ambayo mwalimu alisema ilikuwa bora kuliko mazoezi yote. Sikujua wakati ule kwamba kwa Waathene tukio hilo lilikuwa na harufu ya mahakama. Kwa sheria zao, ushahidi wa mtumwa ulipokelewa kortini pale tu ulipotolewa chini ya mateso. Neno la mtumwa halikuhesabiwa kuwa kweli mpaka litoke pamoja na maumivu. Waliokaa pale wakitazama, wengi wao wenye watumwa nyumbani, waliona utaratibu wanaoujua, safari hii mwenye kuutumia akijichimbia kaburi.

Kuna jambo jingine ambalo nililigundua nikiwa na kalamu na karatasi, nikajiona mjanja, ingawa wataalamu wa tamthilia za Kigiriki lazima wanalijua siku nyingi. Sophocles alikuwa na waigizaji watatu tu wa kusema. Wote walivaa barakoa na kubadilishana nafasi. Katika onyesho la Mkorintho, jukwaani wapo Oedipus, Jocasta na huyo Mkorintho. Watatu wamekwisha. Jocasta anaelewa kabla ya mumewe, anamsihi aache kuuliza, kisha anakimbilia ndani asionekane tena akiwa hai. Oedipus na Mkorintho wanabaki. Muda mfupi baadaye anaingia mchungaji. Nani anamwigiza? Hesabu inatoa jibu moja tu: yule aliyekuwa Jocasta. Ameingia ndani, amevua barakoa ya malkia, amevaa ya mzee, amerudi.

Kwa hiyo sauti iliyosema "usiulize zaidi" kama mama inarudi kusema "usiulize zaidi" kama mtumwa. Na mtumwa anapobanwa atamke mtoto alimpata kwa nani, anataja hatimaye: alipewa na malkia mwenyewe, ammalize. Jocasta alikuwa amesimulia mwanzoni kwamba mtoto alitupwa na mikono ya watu wengine. Hakusema mikono ya kwanza ilikuwa yake. Mikono iliyotoa na mikono iliyopokea, pale jukwaani ni mikono ya mtu mmoja.

Kabla ya kusema hilo anasimama kidogo. Anasema amefika ukingoni mwa neno lenyewe, neno la kutisha kulitamka. Oedipus anajibu: na mimi la kulisikia, lakini lazima nilisikie. Kaka yule wa kidato cha tano aliusema mstari huo vizuri sana, na ukumbi mzima, pamoja na wazazi waliokuja kwa ajili ya pilau ya mahafali, ulinyamaza.

Kisha anaulizwa: kwa nini basi ulimpa mtu huyu mtoto, hukumuua? Jibu lake ni mistari minne, ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote. Nilimwonea huruma, bwana. Nilidhani atampeleka nchi nyingine, huko alikotoka yeye. Lakini alimwokoa kwa ajili ya mabaya makubwa kuliko yote. Kama wewe ndiye anayemsema, basi jua ulizaliwa kwa bahati mbaya.

Nilimwonea huruma. Katika tamthilia hii watu wana busara, ghadhabu, uchaji Mungu na ujasiri, na kila kimoja kina mchango wake katika maafa. Lakini kilichofanya kisa chote kiwezekane ni kwamba mtumwa mmoja mlimani alifunguliwa kitambaa, akaona miguu ya mtoto wa siku tatu, akashindwa. Laius na Jocasta walifanya hesabu ya kifalme, mtoto mmoja kwa usalama wa nyumba. Mtumwa hakufanya hesabu. Nimejaribu kumlaumu nikashindwa. Nimejaribu pia kusema alitenda vyema, na Sophocles hanipi nafasi ya kusema hivyo kwa raha.

Oedipus anapiga kelele kwamba yote yametimia, anauaga mwanga, anaingia ndani. Na hapa ndipo nilipogundua kitu ambacho sasa siwezi kuacha kukifikiria.

Mzee huyu hakuitwa kwa habari ya mtoto. Aliitwa kabla Mkorintho hajafika, kwa swali moja tu: waliomuua Laius walikuwa wangapi? Oedipus alishikilia tumaini lake lote hapo. Akisema bado ni wengi, alimwambia mkewe, si mimi. Mmoja hawezi kuwa sawa na wengi. Mzee akatoka malishoni, pengine amelipanga jibu njia nzima, akijua uongo wake wa miaka mingi umefika mwisho au unahitaji kusemwa mara nyingine. Akafika. Swali hilo halikuulizwa. Hakuna anayemwuliza mpaka tamthilia inakwisha.

Niliwahi kuona jambo la aina hiyo katika kikao cha ukoo wetu, baada ya msiba wa babu. Palikuwa na ubishi kama shamba la bondeni liliuzwa au liliwekwa rehani tu, na shahidi pekee aliyebaki alikuwa mzee aliyemchungia babu ng'ombe tangu ujana. Akaletwa kwa bodaboda, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe. Lakini maneno yakahamia kwenye mikorosho, nani aliipanda, na mikorosho ikazaa ugomvi wa bati za nyumba, na jua likatua. Mzee alikaa saa nne kofia ikiwa mapajani, anaizungusha. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

"Babu," nikamwambia, "nadhani ulikuwa na neno kuhusu lile shamba."

Akaivaa kofia yake. "Hawakuniuliza, mjukuu wangu." Halafu akauliza kama mbuzi wetu bado wanapelekwa kisimani kwa njia ile ya zamani.

Sikujua, na mpaka leo sijui, kama uso aliokuwa nao ulikuwa wa mtu aliyesikitika au aliyeponea chupuchupu.

Sophocles hakuandika mchungaji anatoka vipi. Anamaliza mistari yake minne, mfalme anakimbilia ndani, wazee wa mji wanaanza wimbo wao juu ya ubatili wa maisha ya binadamu, na yeye hatajwi tena. Hakuna anayemwachia mkono, hakuna anayemwambia nenda. Siku ya mahafali nilisema neno langu la mwisho nikabaki nimesimama, unga wa sembe unaniingia machoni, kwa sababu daftari langu liliishia hapo. Askari wangu alikwisha kuondoka. Korasi ilishaanza kuimba. Nyuma ya pazia mwalimu alikuwa ananipungia mkono kwa hasira, anasema kwa midomo bila sauti: toka, toka. Nikatazama kushoto, kulikokuwa na mlango wa ikulu, nikatazama kulia, tulikochora mlima kwa mkaa kwenye shuka la bweni. Nilikaa pale karibu wimbo wote nikijaribu kukumbuka niliingilia wapi.